Debe la Saba: Mpiga Kura wa Lumakanda na Bunge la Arusha

Mhadhara uliotolewa kwa wananchi mjini Lumakanda, Kaunti ya Kakamega



Naomba tuanzie mahali ambapo wengi wetu tulikuwepo. Jumanne tarehe 9 Agosti 2022 nilisimama kwenye foleni ya kupiga kura tangu alfajiri, koti nimelifunga hadi shingoni, maana baridi ya Agosti huku kwetu mnaijua. Mbele yangu alikuwa kukhu mmoja, bibi mzee mwenye kitambaa cha kichwa na bakora. Alipomaliza kuweka kidole kwenye mashine akapewa karatasi zake, hakwenda kwenye kibanda. Alisimama pale pale akaanza kuzihesabu kama mtu anayehesabu chenji sokoni. Nyeupe ya rais. Ya kijani ya mbunge. Ya njano ya seneta. Ya zambarau ya mwakilishi wa wanawake. Ile ya rangi ya udongo, ya mwakilishi wadi. Akazihesabu tena. Kisha akamgeukia karani: “Mwanangu, mbona tano? Ya gavana iko wapi?”

Karani, kijana mpole, akamwinamia akamweleza. Siku iliyotangulia, uchaguzi wa ugavana wa Kakamega na wa Mombasa ulikuwa umeahirishwa baada ya kuonekana kwamba karatasi zilizochapishwa zilikuwa na picha zisizo za wagombea wake. Kukhu hakutoka mlangoni mpaka alipohakikishiwa kwamba ataitwa tena. Na kweli tuliitwa. Tarehe 29 Agosti tulirudi, nami nikamwona ameshika karatasi yake ya buluu.

Jambo hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Karatasi ya sita ilikosekana, na mama mzee akaigundua kwa kidole gumba. Karatasi ya saba imekosekana tangu mwaka 2001, na katika foleni ile nzima hakuna aliyeiulizia, mimi nikiwemo.

Karatasi hiyo ya saba ni ya Bunge la Afrika Mashariki, lile linalokaa Arusha. Kenya ina viti 9 humo. Wenye viti hivyo hutunga sheria zinazotawala mpaka wa Malaba, ushuru wa bidhaa na uzito wa malori yanayotupita hapa usiku na mchana. Sheria zao zina nguvu juu ya sheria za nchi yetu katika mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini wewe na mimi hatuwachagui. Nimekuja kuwaomba tuanze kuiulizia karatasi hiyo, na tena tujifunze namna ya kuitumia kabla hatujapewa, maana wako watu duniani waliopewa karatasi ya namna hiyo kwa miaka 40 na mwisho wake haukuwafaa.

Debe la mahindi na debe la kura

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili: debe la kupimia nafaka na debe la kutilia kura. Sisi watu wa Lugari tunalijua vizuri lile la kwanza. Wazazi wetu walipewa mashamba katika skimu baada ya uhuru, kwenye ardhi iliyokuwa ya walowezi, na mahindi ndiyo yaliyotusomesha. Mkulima wa hapa akimwona dalali anashuka na gorogoro lake, kile kikopo cha kupimia, jambo la kwanza ni kuligeuza. Anapitisha kiganja chini ya kitako, aone kama kimegongwa kikatokeza nje, kwa sababu gorogoro la kitako kilichotokeza humeza konzi ya ziada kila linapojazwa. Kisha anauliza juu: linafutwa kwa kijiti, au linaachwa na kilima? Akishayajua hayo mawili ndipo anafungua gunia.

Hakuna anayemwita mkulima huyo mkorofi. Amejifunza kwamba kipimo cha mtu mwingine lazima ukikague kabla mali yako haijaingia ndani. Leo tukague kipimo cha Arusha kwa njia ileile. Kitako chake ni swali la nani ana haki ya kuchagua. Kilima chake ni swali la nani anabaki na ziada baada ya kuchagua.

Waingereza na karatasi yao

Kwanza twende mbali kidogo. Wananchi wa Ulaya walilichagua Bunge la Ulaya moja kwa moja kwa mara ya kwanza Juni 1979. Uingereza ilikuwemo. Katika kila wapiga kura 100 wa Uingereza, waliojitokeza siku hiyo walikuwa kama 32. Mwaka 1999 walishuka hadi 24. Mwaka 2019, katika uchaguzi wao wa mwisho wa bunge hilo, walikuwa 37. Kwenye uchaguzi mkuu wa nchi yao Desemba mwaka huohuo walijitokeza 67. Waingereza ni walewale, vituo ni vilevile, lakini debe moja lilikuwa na maana kwao na jingine halikuwa nayo.

Wataalamu wawili, Karlheinz Reif na Hermann Schmitt, waliuchunguza ule uchaguzi wa kwanza, na mwaka 1980 wakaupa jina la uchaguzi wa daraja la pili. Walionyesha kwamba mpiga kura akidhani hakuna serikali inayoundwa wala kuangushwa, hufanya mambo matatu: hubaki nyumbani, au huiadhibu serikali iliyopo, au hukipa kura chama kidogo ambacho siku ya uchaguzi mkuu hangekigusa.

Hayo yalionekana Uingereza mara nyingi. Mwaka 1989 chama cha Kijani kilipata kura zaidi ya milioni mbili, karibu asilimia 15, kikatoka bila kiti hata kimoja, kwa kuwa kila jimbo lilikwenda kwa aliyeongoza tu. Kuanzia 1999, isipokuwa Ireland ya Kaskazini iliyokuwa na utaratibu wake, walihamia orodha za vyama kwa mikoa, ambapo viti hugawanywa kulingana na kura. Hapo vyama vidogo vikapata mlango. Mwaka 2014 chama cha UKIP, kilichotaka Uingereza itoke katika Umoja wa Ulaya, kiliongoza nchi nzima kwa viti 24 kati ya 73. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu, chama hichohicho kilipata kiti kimoja. Mei 2019 chama kipya cha Brexit, ambacho kilikuwa na umri wa miezi michache tu, kilichukua viti 29, na chama tawala cha Conservative kikaangukia nafasi ya tano, chini ya asilimia 10. Miezi saba baadaye, Desemba 12, Conservative wakapata viti 365 vya bunge la nchi, na chama cha Brexit kikakosa hata kimoja.

Wapo wanaosema Mwingereza ni kigeugeu. Mimi sioni hivyo. Naona mtu mwenye madebe mawili, anayejua lipi ni la chakula cha nyumbani na lipi ni la kutumia salamu. Kwa debe la Ulaya aliwatumia wakubwa wake salamu za hasira. Vyama vyenyewe vilimfundisha hivyo, kwa sababu vilipokuja kuomba kura za Ulaya vilizungumza habari za London. Ni wachache waliomweleza mvuvi kwamba bunge lile ndilo lililoshughulikia sheria za samaki wake, au mkulima kwamba ruzuku yake ilijadiliwa humo. Baada ya miaka 37 ya kupiga kura bila kuambiwa inafanya kazi gani, alipoulizwa tarehe 23 Juni 2016 kama anataka kubaki au kutoka, asilimia 52 walisema tutoke. Tarehe 31 Januari 2020 wakatoka.

Habari hii ilinifikia hadi nyumbani. Mpwa wangu ni muuguzi, na mwaka 2019 alikuwa akiishi Leeds. Sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali kujiandikisha na kupiga kura, na wakati ule haki hiyo ilifika hata kwenye kura ya Bunge la Ulaya. Alinipigia simu jioni ya Mei 23 akitoka kituoni. “Mjomba,” akasema, “karatasi ni ndefu! Chama kwa chama, na chini ya kila chama majina yamepangwa. Wewe unatia alama moja tu.” Mkoa wake wa Yorkshire na Humber ulikuwa na viti 6. Kimoja kilikwenda kwa Magid Magid wa chama cha Kijani, kijana aliyezaliwa Burao upande wa Wasomali, akapita kambi ya wakimbizi Ethiopia, akafika Sheffield akiwa mtoto wa miaka mitano na baadaye akawa meya wa jiji hilo.

Nilimwuliza mpwa wangu alichagua kwa kufuata nini. Akanijibu, “Nilitaka serikali yao isikie habari ya viza zetu na mishahara ya wauguzi.” Yeye naye alifanya kama wenyeji: kwa karatasi ya Ulaya alijibu swali la Uingereza. Baada ya kukata simu nilikaa kimya muda mrefu. Mtoto wa Lumakanda alikuwa amesaidia kuchagua Bunge la Ulaya. La Afrika Mashariki hajawahi kulipigia kura, na mama yake anayelima hapa Lumakanda hajawahi pia.

Kiti cha Arusha kinavyogawanywa

Sasa turudi kwetu. Bunge la pamoja si jambo geni Afrika Mashariki. Wakoloni waliunda Baraza la Kutunga Sheria la Afrika Mashariki mwaka 1948, kwa mahitaji yao. Baada ya uhuru tukaunda Jumuiya yetu mwaka 1967. Reli hii inayotoka Eldoret kupitia Lugari kwenda Malaba ilikuwa ya shirika moja la nchi tatu, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikabaki na mabehewa yake. Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na bunge likazinduliwa miaka miwili baadaye. Leo nchi wanachama ni 8, na kila moja ina haki ya viti 9, iwe kubwa kama Kongo au ndogo kama Burundi.

Kipengele cha 50 cha Mkataba ndicho kitako cha debe. Kinasema bunge la kila nchi litachagua wajumbe 9 ambao si wabunge wake, na kwamba kadiri inavyowezekana wawakilishe vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Maneno ni mazuri. Lakini tazama anayeshika kalamu. Kenya ilikuwa na wapiga kura waliojiandikisha milioni 22.1 mwaka 2022. Wanaochagua wajumbe wa Arusha ni wabunge 349 na maseneta 67, jumla watu 416. Katika hao 416, watatu ndio tuliowapigia kura sisi wa hapa: mbunge wa Lugari, mwakilishi wa wanawake wa Kakamega, na seneta wa Kakamega. Sauti yetu yote ya Arusha imo ndani ya watu watatu, na wanapiga kura ya siri.

Kura ya siri ni ngao ya mnyonge. Inamkinga kukhu ili mtu asijue alimchagua nani, asije akafukuzwa shambani au kunyimwa dawa. Lakini mbunge anapokwenda kuchagua kwa niaba yangu, siri hiyo inamkinga dhidi yangu mimi niliyemtuma.

Kuna wakati hata hiyo kura ya wabunge haikupigwa. Mwaka 2006 vyama vilipeleka majina, kamati ya shughuli za bunge ikayapitisha, ikasemwa Kenya imechagua. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Novemba 27 mwaka huo mahakama ikazuia wale 9 wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba uchaguzi kwa maana ya Mkataba haukuwa umefanyika. Bunge la pili likachelewa kuanza hadi Juni 2007. Wananchi tunapaswa kuikumbuka hukumu ile. Ilisema, kwa maneno ya kawaida, kwamba kupitisha majina si kuchagua.

Baada ya hapo kura zilipigwa, lakini mikono iliyopanga majina ilibaki ileile. Mwaka 2017 muhula wa bunge la tatu uliisha Juni, na kwa kuwa vyama vyetu havikukubaliana kuhusu mgawo, pamoja na vurumai ya uchaguzi wa marudio, Kenya ilichagua wajumbe wake Desemba tu. Bunge la nchi zote lilikaa nusu mwaka likitungoja sisi. Nchini Tanzania mwaka huohuo wabunge waliwakataa wagombea wa kwanza wa chama cha upinzani cha Chadema, chama hicho kikalazimika kurudi mwezi uliofuata na majina mengine. Yaani chama kilikuwa na haki ya viti, lakini wapinzani wake ndio waliokuwa na neno la mwisho juu ya nani avikalie.

Kwetu, tarehe 17 Novemba 2022, mgawo ulikuwa watano wa muungano wa Kenya Kwanza na wanne wa muungano wa Azimio. Miongoni mwa waliochaguliwa walikuwemo Kanini Kega, aliyeshindwa kutetea kiti chake cha Kieni Agosti mwaka huo; Hassan Omar, aliyeshindwa ugavana Mombasa; Winnie Odinga, bintiye Raila Odinga; na Kennedy Kalonzo, mwanawe Kalonzo Musyoka, kwa muhula wa pili. Sisemi kwamba hawa hawawezi kazi. Mtoto wa kiongozi ana haki zake kama mtoto wa mkulima, na kushindwa uchaguzi mmoja si dhambi. Nasema kwamba hatukuwahi kusikia mmoja wao akisimama mbele ya wakulima wa mahindi, akaulizwa atafanya nini Arusha, akajibu. Kiti kimekuwa kifuta jasho, na kifuta jasho hakina manifesto. Hicho ndicho kilima juu ya debe: ziada inabaki kwa waliopima.

Sheria inayopita mbele ya nyumba zetu

Huenda mtu aniambie, mwalimu, hayo ni ya Nairobi na Arusha, sisi hapa tunataka mbolea na barabara. Naomba tutembee naye hadi barabara kuu.

Kaa kando ya barabara ya Eldoret kwenda Webuye usiku wowote. Malori yanapita kuelekea Malaba na kuingia Uganda, mengine yanaendelea Rwanda na Kongo. Yakifika Webuye yanapanda mizani. Uzito wa juu unaokubaliwa, tani 56, uko katika sheria ya Jumuiya iliyotungwa na bunge la Arusha. Yakifika Malaba yanakuta afisa wa Kenya na afisa wa Uganda katika kituo kimoja, na sheria ya vituo hivyo vya pamoja imetungwa Arusha. Ushuru wa shehena unatozwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, ambayo pia ni ya bunge hilo. Kijana wa hapa anayefanya utingo katika lori, mama anayeuza chai kwa madereva, na mfanyabiashara anayeleta ndizi kutoka Mbale, wote wanaishi chini ya sheria za watu ambao hawajui sura zao.

Sasa mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitangaza kusimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Ndani ya siku chache marufuku ikaondolewa na badala yake yakaja masharti: waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti, na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Kiwango hicho cha 10 ni kiwango cha Jumuiya nzima. Katika siku zile chache nilisikia mambo mawili hapa Lumakanda. Mwenye magunia ghalani alifurahi, akijua bei itapanda. Mwenye watoto sita na shamba la robo ekari, ambaye Machi ananunua kwa gorogoro, alishika kichwa. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema, na wote wawili hawakujua waseme na nani. Walikwenda kumfokea mwakilishi wadi. Mwakilishi wadi hana mamlaka juu ya mpaka wa Malaba. Angeweza kuwahurumia tu. Miongoni mwa wale 9 wa Arusha, ambao kazi yao ni kuuliza mbona nchi moja inafunga mlango uliofunguliwa na Mkataba, au mbona sumukuvu haipimwi kwa bidii ileile kwenye maghala ya nchi zote, hakuna aliyetajwa hata kwa jina. Hatukumlaumu yeyote kati yao wala kumsifu. Na maoni ya mpiga kura juu ya vyama huzaliwa pale anapoweza kumlaumu au kumsifu mtu anayemjua kwa jambo analolijua.

Pingamizi mbili

Kuna pingamizi mbili nzito, na sitaki kuzikwepa.

Ya kwanza ni ya hesabu. Viti 9, kaunti 47. Tukipiga kura moja kwa moja, kila kiti kitabeba wapiga kura karibu milioni mbili na nusu. Nani atazunguka eneo hilo bila fedha za matajiri? Na jamii ndogo zitasikika vipi? Haya ni maswali ya kweli. Lakini tulishaona hesabu kama hiyo ikifanywa kwingine. Yorkshire na Humber ina watu zaidi ya milioni tano, nao walichagua watu 6 kwa orodha za vyama. Sisi wenyewe tunazijua orodha za vyama. Hutumika kujaza viti maalumu. Nchi inaweza kugawanywa katika kanda chache, Kakamega na Bungoma, Busia, Vihiga na Trans Nzoia zikawa pamoja, na chama kikalazimika kutangaza orodha yake mapema, wanaume na wanawake wakipishana. Siku ya kupiga kura ni ileile, makarani ni walewale, karatasi inaongezeka moja. Kinachohitajika kwanza ni kurekebisha Mkataba, na marekebisho hayo yanataka nchi zote zikubaliane. Ndiyo maana nasema tuanze kudai sasa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Waingereza walikuwa na karatasi, na haikuwasaidia kuupenda Umoja wao. Kwa nini sisi tuitafute? Nakubali kwamba karatasi peke yake haifundishi. Ukimpa mtu debe bila kumwambia linapima nini, atalitumia kama kiti, au atalirusha kwa hasira. Lakini angalia tofauti ya makosa yetu na yao. Waingereza walipokasirika, hasira yao ilihesabiwa, ikaonekana kwenye kura, serikali ikatikisika, wakaulizwa rasmi, wakajibu. Sisi Jumuiya yetu ya kwanza ilivunjika mwaka 1977 na hakuna mkulima wa Lugari aliyeulizwa kama anataka ivunjike. Marais waligombana, reli ikakatwa vipande. Umoja ambao wananchi hawana sauti ndani yake ni rahisi kuvunjwa na wakubwa wachache, kwa sababu hakuna atakayetoka nyumbani kuutetea.

Tena Mkataba wetu umewapa marais nguvu kubwa juu ya bunge hilo. Muswada unahitaji idhini ya wakuu wa nchi zote. Mmoja akiukataa mara mbili, umekufa. Bunge lisilochaguliwa na wananchi haliwezi kumwambia rais yeyote kwamba wananchi wanautaka muswada huu. Litasema kwa mamlaka ya nani? Kwa mamlaka ya chama kilicholipeleka, na mwenye chama mara nyingi ni rais huyohuyo.

Kabla ya Agosti 2027

Bunge la tano liliapishwa Desemba 2022, na muhula wake ni miaka mitano. Maana yake wabunge na maseneta tutakaowachagua Agosti 2027 ndio watakaokwenda kuchagua wajumbe wapya wa Arusha. Hatutakuwa na karatasi ya saba mwaka huo. Lakini tutakuwa na tatu kati ya zile sita: ya kijani, ya zambarau na ya njano. Kwa hizo tatu tunaweza kuanza.

Wagombea watakuja hapa. Watakuja na magari yenye vipaza sauti, watacheza ngoma ya isukuti, watatuahidi mengi. Naomba kila mkutano mtu mmoja anyanyuke, kijana au mzee, aulize mambo matatu. Kwanza: ukifika Nairobi, utatuambia hadharani unampigia nani kura ya Arusha, na kwa nini? Pili: utadai kwamba wanaotaka viti hivyo waje kusikilizwa na wananchi, hata mara moja tu kwa magharibi nzima, kabla ya ninyi 416 kupiga kura? Tatu: utaunga mkono Mkataba urekebishwe ili wananchi wachague wenyewe? Majibu yaandikwe. Hapa kuna walimu, kuna makatibu wa vyama vya ushirika, kuna vijana wenye simu za kurekodi. Mgombea akisema hajui Bunge la Afrika Mashariki linafanya nini, msimzomee. Mpelekeni barabarani mkamwonyeshe malori.

Na sisi tujiandae kuwa wapiga kura wa namna nyingine. Mpwa wangu kule Leeds alitumia kura ya Ulaya kuwatumia wenyeji wake salamu. Sisi tukipewa yetu, chama kisije kutuomba kura ya Arusha kwa sababu ya ugomvi wa kigogo wa Nairobi na naibu wake, wala kwa sababu mgombea ni wa ukoo wetu. Tukiulize chama: mahindi yetu na ya Mganda yatapimwaje kwa kipimo kimoja? Lori likipita hapa na tani zaidi ya 56 likaharibu barabara, nani analipa? Mama wa Lumakanda akivuka Malaba na magunia matatu, atatendewa kama mfanyabiashara au kama mwizi? Chama kitakachojibu vizuri tukipe kura hata kama si chetu cha siku zote. Chama kisichojibu tukinyime hata kama ni chetu.

Nilisema nilimwona kukhu tarehe 29 Agosti. Siku hiyo foleni ilikuwa fupi, wengi walikuwa wamechoka. Alipotoka kibandani, karatasi ya buluu ameikunja mara mbili, alilitazama debe lenye kifuniko cha buluu kwanza, akahakikisha ni lenyewe, ndipo akaitia. Nilimsalimu, nikamwambia, kukhu, umerudi. Akanijibu, “Nilirudi kwa sababu niliuliza. Usipouliza hawakuletei.”

Sasa ni zamu yenu ya kuuliza, na ningependa swali la kwanza litoke upande wa akina mama.